Milango ya Nyumba ya Kapteni

Arua, Jumamosi, kabla ya magharibi. Mwezi wa nane, 1977.

Mvua imeshika tangu saa saba na haijaachia. Mama mkwe analalamika kwamba mtama aliouanika umelowa, lakini mimi naishukuru mvua hii. Ikinyesha hivi, njia ya mtaa wetu inakuwa tope tupu na magari hayaingii. Leo kila nikisikia injini nainuka kuchungulia njiani.

Naogopa.

Nimeona niliandike neno hilo kwanza, niache kulizunguka. Mambo yenyewe yameanza Jumanne, lakini nikianzia Jumanne sitajielewa hata mwenyewe. Lazima nianzie kwenye nyumba.

Hapa mjini wananiita Mama Pazia. Jina langu ni Halima, na pazia ni sehemu ndogo tu ya kazi yangu. Nilikulia Nairobi, baba akiwa askari wa zamani, na huko nikafanya kazi kwa mama mmoja Mgoa aliyekuwa akipamba nyumba za wenye uwezo. Nilipoolewa nikaletwa Arua. Mume wangu alipofariki, nikaanza kufanya peke yangu yale niliyoyaona kule: kuichukua nyumba nzima. Mtu ananipa kuta tupu na ufunguo. Mimi napima, nachora, natafuta mbao na vitambaa, nachagua rangi, nasimama juu ya vichwa vya mafundi, mpaka siku ninayomrudishia ufunguo vitanda vikiwa vimetandikwa na nyumba inanukia ubani.

Siku ya kwanza huwa namweleza mwenye nyumba atarajie nini. Atarajie vumbi. Atarajie kuchelewa, kwa sababu siku hizi hata misumari inatafutwa kama dawa. Na atarajie maswali. Namuuliza nani analala wapi, nani anaamka kwanza, wageni wa heshima wanakaa wapi na wageni wa kila siku wanaishia wapi. Watu hushangaa. Lakini nyumba isiyoulizwa hupangwa vibaya.

Sikuwahi kufikiri kwamba majibu yao ni mzigo.

Kiangazi kilichopita alikuja Mama Aisha, mke wa kapteni mmoja wa jeshi. Jina la kapteni siliandiki. Walikuwa wamejenga Koboko, karibu na mpaka wa Zaire, nyumba nzuri ya matofali, mabati mapya, lakini ndani hamna kitu. Mama Aisha ni mwanamke mrefu, mpole, anayecheka huku ameziba mdomo kwa mtandio. Alitaka kila kitu. "Mimi najua kupika na kuzaa," aliniambia. "Kupanga nyumba ya mukubwa mimi sijui. Wewe fanya yote."

Nilikwenda Koboko na Onzima, fundi seremala wangu wa Ediofe, ambaye nimefanya naye kazi tangu mwanzo. Kapteni mwenyewe alikuwepo. Nilimuuliza kuhusu sebule, nikitegemea aniambie anataka makochi ya rangi gani. Hakutaja rangi. Alisimama katikati ya chumba kitupu, akauonyesha ukuta wa mwisho.

"Kochi yangu iweke hapa," alisema. "Mgongo kwa ukuta. Mutu akiingia, mimi naona yeye kwanza."

Kisha akataka pazia nzito zenye bitana, ili taa ikiwashwa ndani kivuli cha mtu kisionekane nje. Nikajibu ndiyo, afande, kitambaa cha namna hiyo kinapatikana upande wa Zaire. Nilijibu kama muuza duka. Lakini nilisahau kuandika kipimo. Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba hofu ni yetu sisi wa chini, na wakubwa wao wanatugawia tu.

Alipoondoka, Mama Aisha alinishika mkono akanipeleka chumba cha kulala.

"Hapa nataka kabati ya nguo, kubwa, ukuta mzima," alisema. "Na nyuma ya kabati nataka mlango."

"Mlango wa kwenda wapi, Mama Aisha?"

"Wa kwenda nje. Kwa shamba ya muhogo." Alirekebisha mtandio. "Nyumba inataka hewa."

Nilimwangalia, naye akaniangalia. Nikaandika vipimo.

Onzima aliukata ukuta akautia mlango siku moja ambayo watu wote walikuwa wamekwenda msibani. Kabati akalijenga la mvule, zuri, na mgongo wake ukafunguka kwa kusukuma ubao mmoja. Nje alipanda ua wa miti michanga ili mlango usionekane. Tukiwa njiani kurudi Arua, juu ya lori, aliniambia taratibu, "Mama, mimi nilitengeneza kabati. Mlango sikuona."

"Wala mimi," nikasema.

Siku ya kukabidhi nyumba ilikuwa sherehe. Walichinja mbuzi. Pazia za kijani zilianguka sawasawa mpaka chini, kapeti likatandikwa, vyombo vikang'aa kabatini. Mama Aisha alikaa kwenye kila kochi, moja baada ya jingine, kama anayeonja vyakula. Alipofika chumba cha watoto akaviona vitanda vitatu, kila mtoto na chake, akakaa chini sakafuni akalia. Aliniambia yeye alilala kwenye mkeka na dada zake mpaka siku ya kuolewa. Nilirudi Arua moyo umejaa. Nilijiambia kwamba lile kabati ni wasiwasi tu wa mwanamke, na kwamba nguo zitajaa humo na mlango utasahaulika.

Jumanne hii, mchana, mtu aliingia kwenye kibanda changu cha kushonea.

Alikuwa amevaa suti ya mikono mifupi kama watu wa usalama, imepigwa pasi vizuri, viatu safi licha ya tope. Alinisalimia kwa adabu, akauliza habari za kazi. Akashika kitambaa hiki, akaacha, akashika kingine. Kisha akauliza kwa sauti ileile ya kuuliza bei.

"Ni wewe ulipanga nyumba ya Kapteni kule Koboko?"

"Ndiyo, mzee."

"Nasikia ni nzuri. Iko na milango ngapi?"

Nilikunja kitambaa alichokiacha.

"Miwili, mzee. Wa mbele na wa jikoni."

Aliokota chaki yangu ya kukatia nguo akanipa. "Chora."

Nikachora juu ya meza. Sebule, korido, jiko, vyumba. Mkono ulijua kazi yake hata moyo ukiwa haupo. Nilipofika chumba cha kulala nilichora kabati, na nyuma yake nikavuta ukuta, mstari mmoja mzima usiokatika.

Aliinama akatazama. "Kabati kubwa."

"Mke wa mkubwa ana nguo nyingi, mzee."

Akacheka kidogo. Kisha akaufuta mchoro wote kwa kiganja chake, polepole, akajipangusa kwa leso. "Mchoro ni yako," alisema. "Kama iko makosa, makosa ni yako."

Akaenda zake. Hakununua kitu.

Nilikaa kwenye kiti cha cherehani mpaka jua likaanza kushuka. Nataka niandike ukweli: kwa saa zile zote sikuwa nawaza namna ya kumsaidia Mama Aisha. Nilikuwa nawaza namna ya kutomsaidia nikabaki mtu mwema. Nilijiambia kwamba kapteni ni mtu wa jeshi, anajua mambo ya jeshi, atakuwa ameshaambiwa. Nilijiambia kwamba nikienda Koboko nitafuatwa, na mama mkwe hawezi kutembea bila fimbo, nani atamwangalia. Vyote hivyo ni kweli. Lakini nilikuwa nakumbuka vile vitanda vitatu, na nikajua kwamba kama nyumba ile itazingirwa, itazingirwa mbele na jikoni, kwa sababu mimi ndiye niliyesema hivyo. Mlango wa tatu usipotumika kwa wakati hauna maana.

Jumatano asubuhi nikachukua mito ya makochi. Ilikuwa ya wateja wengine, lakini nani angejua. Katika kazi yangu kuna desturi ya kurudi baada ya miezi michache kukagua kama pazia zimeshuka, kama bawaba zinalia. Nikapanda lori la abiria nimekumbatia mito ile kama mtoto.

Kwenye kizuizi tulishushwa. Askari mmoja, kijana mwenye macho mekundu, akachomeka kisu cha bunduki kwenye mto, sponji ikatoka.

"Hii nini?"

"Mito ya Kapteni, afande. Nampelekea nyumbani."

Aliposikia jina alilegea, akaurudisha mto mwenyewe, akaupigapiga kuutoa vumbi. Nikamhurumia. Hakujua kwamba jina lile limeanza kuoza.

Nilipofika, Mama Aisha alikuwa na wageni. Wake wawili wa maofisa wanaofanya kazi na mumewe, wamekaa sebuleni wanakunywa chai, wananisifia kazi. Sikuweza kumwita pembeni. Mmoja wa wale wanawake macho yake yalikuwa yananifuata kila nilipoinua mguu. Nikapanga mito. Nikavuta pazia, nikaziachia. Chai nikanywa bila kuisikia ladha.

Mwishowe nikasema, kwa sauti ya kazi, "Mama Aisha, lile kabati lako la nguo, unalitumia?"

Birika lilikuwa mkononi mwake. "Nalitumia kidogo."

"Usiliache hivyo. Mvule ukikaa bila kufunguliwa unavimba. Nimekuja kwa ajili hiyo hasa. Lifungue leo."

"Leo?"

"Kabla ya jua kuchwa. Na nguo za watoto pia, usizibakize."

Aliendelea kumimina. Chai haikumwagika hata tone. "Bwana hajarudi kutoka kambini," alisema, kama anayeongea na kikombe.

"Kabati halimsubiri bwana, mama."

Yule mgeni mwenye macho akacheka. "Hata mimi nataka kabati kama hiyo. Utanifanyia?"

"Nitakufanyia, mama," nikasema.

Mama Aisha alinisindikiza mpaka mlango wa mbele. Hapo, mbele ya wageni wote, alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anavyomshukuru fundi. Ilikuwa baridi mno. "Asante kwa kazi," alisema. Ni hilo tu.

Alhamisi habari zilifika sokoni, kwa minong'ono, kama zinavyofika siku hizi. Magari yalikwenda Koboko usiku wa Jumatano. Waliizingira nyumba mbele na jikoni. Ndani hawakukuta mtu. Wengine wanasema mama na watoto wako Lurujo kwa ndugu zake, wengine wanasema sivyo. Kuhusu kapteni, kila mtu alikuwa na lake, na anayeuza vitunguu alimwambia mwenzake anyamaze kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama karibu. Hata mimi wananiogopa sasa.

Jana Ijumaa alikuja Mama Furaha, mfanyabiashara wa Zaire anayeniletea vitambaa. Alifungua mzigo wake, akanipimia kitenge, na huku amenyoosha mkono kupima akasema chini chini, "Kuko mama moja kule ngambo. Anakusalimia sana. Batoto balilala muzuri."

Nilijifunika uso kwa kile kitenge. Mama Furaha akaendelea kupima kama hakuona.

"Na bwana?" nikauliza.

"Bwana, hapana. Bwana sikumuona."

Kwa hiyo mama na watoto watatu wamevuka mpaka, na baba yao hajulikani alipo. Nimejaribu kuifurahia ile nusu ya kwanza. Kisha nakumbuka nilivyosema, kabati halimsubiri bwana. Ni mimi niliyemwambia mwanamke amwache mumewe, na nilimwambia mbele ya watu, kwa mafumbo, naye akanitii. Kama angebaki wangechukuliwa wote. Najua. Lakini kujua na kutulia ni vitu viwili.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, yule mtu alirudi.

Suti nyingine, pasi ileile. Safari hii alivuta kiti akakaa.

"Nilienda kuona kazi yako," alisema. "Kazi nzuri. Nilifungua kabati."

Nilikuwa nasubiri mikono ya watu wengine kutoka mlangoni, inikamate. Hakuna aliyekuja.

"Nyumba ile sasa ni yangu," akasema. "Wamenipa. Jumatatu gari itakuja kukuchukua. Upange upya yote, pazia, makochi, kitanda. Sitaki kulala na vitu ya mutu mwingine."

"Sawa, mzee."

"Ule mlango." Aliinuka, akatazama nje kwenye njia, kwanza upande huu, kisha upande ule. "Ule mlango uache."

Nilimwangalia usoni kwa mara ya kwanza. Ana alama za kukosa usingizi chini ya macho, kama kapteni alivyokuwa nazo.

"Mutu ya kujua ni mimi na wewe tu," akasema. "Fundi alikuwa nani?"

"Mtu wa Zaire, mzee. Alirudi kwao. Hata jina lake kamili silijui."

"Basi ni mimi na wewe tu," akarudia, akaondoka.

Nilifunga kibanda, nikajifunika mtandio, nikaenda Ediofe kwa miguu. Onzima alikuwa anapiga randa ubao wa kitanda. Nilimweleza kila kitu nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitainuka. Alisikiliza huku anapuliza maranda kwenye randa yake.

"Mimi iko na ng'ombe moja kwa mukwe yangu kule Omugo," alisema mwishoni. "Nitaenda kuiangalia."

"Na mke wako? Na watoto?"

"Watoto wanapenda ng'ombe."

"Leo, Onzima."

"Leo." Kisha akaniuliza kile ambacho nilikuwa najiuliza njia nzima. "Na wewe, Mama, kwa nini usiende?"

Nilimjibu kwamba nina mzee nyumbani asiyeweza kupanda lori. Ni kweli, lakini si yote. Nikitoweka leo, yule mtu ataanza kuuliza nilifanya kazi na nani, na majirani watamwambia, maana Ediofe nzima inajua nani aliyechonga makochi ya Mama Pazia. Nikiwepo Jumatatu, nikipanda gari lake kwa adabu, hatauliza. Onzima anahitaji siku. Mama mkwe anahitaji siku. Mama Furaha hatarudi mpaka siku ya soko lijalo, naye jana aliniambia kwamba akija na mkokoteni kutuvusha mpaka, mzee anaweza kukaa juu ya mizigo.

Nimemwambia mama mkwe wakati mvua imechachamaa, ili asisikie mtu mwingine. Nilidhani atapiga kelele. Alikuwa anachambua mtama wake uliolowa, akatoa jiwe, akalitupa.

"Mimi nimezika mume hapa na mtoto hapa," akasema. "Lakini kama unasema twende, nitaenda. Nikubebe mimi au unibebe wewe?"

Tulicheka, wote wawili, tukaziba midomo.

Sasa mvua inapungua. Nasikia watoto wa jirani wametoka kucheza kwenye madimbwi. Nimekuwa nikitafakari jambo moja tangu mchana, nalo ndilo linalonitisha kuliko yote. Kila kazi yangu ina mwisho. Nyumba ikikamilika, ufunguo unarudi, mwenye nyumba hanihitaji tena. Siku nitakapomkabidhi yule mtu nyumba yake, imepangwa, imenukia, na mlango wake uko nyuma ya kabati, atakuwa na sababu gani ya kutaka niendelee kujua?

Basi kazi hii isikamilike upesi. Miaka yote nimejivunia kumaliza siku niliyoahidi. Lakini nani asiyejua kwamba rangi ya mafuta haikauki majira ya mvua? Kitambaa kitakuja si chenyewe, itabidi kirudishwe. Bitana itapungua. Mbao zitakuwa mbichi, na mbao mbichi haziharakishwi. Mtu wa suti hajui lolote la nyumba. Ataniamini, kwa sababu wote huniamini kwenye mambo ya nyumba. Ninachohitaji ni kufika soko la Mama Furaha, na kama sitafika hilo, lile litakalofuata.

Sijui kama nitaweza.

Jumatatu nitapanda gari lake. Nitasalimia, nitafungua madirisha, nitatoa futi yangu nianze upya, ukuta kwa ukuta. Na nitapima polepole.